Wanaosomea ubingwa wa uzazi wapelekwe vituo vya afya?

Wakuu, naomba tujadili hili. Daktari anayesomea ubingwa wa uzazi na magonjwa ya wanawake hapa Tanzania anakaa miaka 3, na sehemu kubwa anaimalizia hospitali kubwa: Muhimbili, KCMC, Bugando. Mimi nasema miezi 6 aende kituo cha afya au hospitali ya wilaya, na iwe sharti la kuhitimu.

Hospitali kubwa anapokea kisa kikiwa kimeshaiva. Mama anashushwa kwenye gari, kizazi kimepasuka, haya, chumba cha upasuaji. Ya huko alikotoka hayajui. Chukua oksitosini, sindano ya kuzuia damu baada ya kujifungua: inatakiwa ikae kwenye nyuzijoto 2 hadi 8. Kituo hakina umeme siku ya pili, friji imepoa kwa jina tu. Muuguzi anachoma dawa, damu haikati, anachoma nyingine. Nani Muhimbili atakufundisha kuuliza habari za friji?

Vifo vya akina mama vitokanavyo na uzazi vimeshuka, tusibishe: utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulitoa vifo 556 kwa vizazi hai 100,000, wa 2022 ukatoa 104. Mfumo wa m-mama nao, wa kuita gari la dharura kwa wajawazito, unapiga 115 bure, umerahisisha usafiri. Ila gari likimfikisha mama pasipo na damu ya kuongeza, bado yuko hatarini.

Mchangiaji: Mleta mada, kwenye friji umenena. Sasa huko wilayani nani atamsimamia? Ada huenda anajilipia, nyumba hana, zamu ya usiku yuko peke yake. Hapo mnaziba pengo la watumishi kwa bei ya bure halafu mnaita mafunzo.

Mleta mada: Kaka, nyumba na posho nakubali, bila hivyo asiende mtu. Usimamizi hapana. Wilayani madaktari wasaidizi wamepasua wajawazito miaka nenda rudi; huyo mwenye miaka 20 kazini anamfundisha vizuri tu. Tatizo letu ni vyeo, msomi wa shahada ya pili hataki kuelekezwa na daktari msaidizi mwenye stashahada ya juu. Bingwa apatikane kwenye simu, na mara moja kwa mwezi aje wakae kikao cha kupitia vifo.

Mchangiaji mwingine: Mbona mnaongelea leba tu? Dalili za awali za saratani ya mlango wa kizazi zinapimwa kwa kupaka siki na kuangalia kwa macho, hapo hapo kituoni. Miezi hiyo 6 wakalifanye na hilo, wengi wa wanaokuja kugundulika hospitali kubwa wamechelewa.