Meza nane, weita watatu: kikao cha nidhamu cha nini?

Swali la leo: mwenye hoteli ndogo pale River Road, Nairobi, afuate utaratibu uleule wa hoteli kubwa za Westlands anapomfuta weita? Mimi nasema ndiyo. Nipingeni.

Jirani yangu wa ploti alifutwa Jumapili usiku kwa WhatsApp: "Kuanzia kesho huduma zako hazihitajiki. Rudisha aproni." Basi, imeisha. Kisa, wateja wa meza ya nje walikula samaki wakatoroka na bili ya shilingi 2,300.

Barua kama hiyo haina sababu, na hata ingekuwa nayo, ilikuja kabla ya wakati wake. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 kinataka umweleze mtu kosa lake kwa lugha anayoielewa, akiwa na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama, umsikilize, ndipo uamue. Wengi huandika barua kwanza, halafu wanatafuta kikao cha kuipamba. Iandike mwisho, ukitaja kosa lenyewe: kwa mfano, alichelewa tarehe gani, kwa saa ngapi (si "tabia mbaya"), kikao kilikaa lini, alijitetea vipi. Kisha notisi, siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, au pesa badala yake. Likizo aliyobakisha. Cheti cha huduma.

MWENYE HOTELI, GIKOMBA: Mnaongea kama mawakili ni wa bure. Weita wangu akija amelewa saa saba mchana, nani atabeba sahani tukiwa kikaoni?

Mlevi kazini unaweza kumfuta bila notisi, kifungu cha 44 kinakuruhusu. Kumsikiliza ndiko huwezi kuruka. Mwambie aende nyumbani, mkae kesho yake asubuhi kabla chai haijachemka. Dakika ishirini. Ukikataa, mahakama ya ajira inaweza kukutoza fidia ya hadi mishahara 12, na hapo ndipo meza nane zitauzwa.

WEITA, SOUTH B: Mmesahau bili. Kwetu mteja akihepa tunakatwa mshahara, na bado tunafutwa.

Nakubali, hapo nilipita haraka. Kifungu cha 19 kinaruhusu kukata hasara ya mali ya mwajiri ikiwa mfanyakazi ameisababisha kwa makusudi. Upungufu wa pesa ni wa yule ambaye mkataba wake unasema wazi kwamba amekabidhiwa pesa, yaani keshia, tena uwe umetokana na uzembe au udanganyifu wake. Weita aliyekuwa jikoni akichukua ugali wa meza ya tano alifanya makusudi gani?

MWENYE HOTELI, GIKOMBA: Sawa, lakini wangu ni vibarua. Nawalipa kila jioni.

Wamekuja mfululizo kwa muda gani? Siku zao zikifika mwezi mmoja bila kukatika, kifungu cha 37 kinawahesabu kama wa mwezi, na notisi inawahusu. Sasa tuambie ukweli: yule wa kwanza ulimchukua lini?