Santiago Bernabéu: jina la uwanja huu hutamkwaje?

Msoma_Habari
Habari zenu, wapenzi wa lugha na wa kandanda. Mimi husoma habari za michezo kwa Kiswahili katika kituo kidogo cha redio hapa Nairobi, na tangu Jumatano usiku kuna jambo limeninyima utulivu. Nilipokuwa nikisoma matokeo ya Real Madrid, niliutaja uwanja wao "Banabyu", kama nilivyozoea kusikia kwa watangazaji wa Kiingereza. Kabla sijatoka studioni, mhariri wangu akanirekebisha kwamba ni "Banabau". Kisha nikiwa ndani ya matatu kuelekea Umoja, kijana aliyeketi kando yangu, akitazama mabao ya mechi ileile kwenye simu, akamwambia mwenzake "Berinabeu". Uwanja mmoja, matamshi matatu, na saa yenyewe haijaisha. Naomba mwenye kujua Kihispania anieleze lililo sahihi, pamoja na kazi ya alama ile iliyo juu ya herufi e. Msikilizaji ananiamini, nami sitaki kukisia tena mbele ya kipaza sauti.

Mwalimu_wa_Silabi
Ndugu Msoma Habari, kijana wa matatu ndiye aliyekaribia, kwa sababu alilisoma jina hilo kama Mswahili anavyosoma. Kihispania kina irabu tano, a, e, i, o na u, zinazotamkwa karibu sawa na zetu, na hazififii hata zinapokosa mkazo. Kiingereza ndicho huzififisha, na ndicho kilichozaa hizo "Banabyu" na "Banabau". Kiondoe Kiingereza hapo katikati, kisha usome unachokiona: "Ber", "na", "beu". Kosa la kijana ni kupenyeza i baina ya r na n, jambo lisilo na haja, kwa kuwa sauti hizo mbili tunaziunganisha kila siku katika neno "karne".

Sasa hiyo alama. Katika Kihispania, neno linaloishia kwa irabu huwekewa mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na pale neno linapokiuka kanuni hiyo, alama huandikwa ili kumwongoza msomaji. "Béu" kwao ni silabi moja, kwa hivyo bila alama mkazo ungeangukia "na". Alama inauvuta hadi mwisho. Hapa ndipo panaponifurahisha kila ninapofundisha: sisi tunazigawa e na u kuwa silabi mbili, kama tunavyofanya katika "nyeupe", na tukiyafuata mazoea yetu ya kukazia silabi ya pili kutoka mwisho, mkazo unaangukia "be", palepale Mhispania anapouweka. Kilichobaki ni kuzitamka e na u kwa pumzi moja.

"Santiago" haina taabu: "san" kama ya "santuri", kisha "tia", kama unayesema "tia chumvi" kwa haraka, na mkazo ukiwa hapo, halafu "go".

Aliyerudi_Kutoka_Madrid
Nakubaliana na Mwalimu, ila niongeze kuhusu b. Niliishi Madrid kwa masomo, na karibu kila asubuhi nilipanda treni ya chini ya ardhi, njia ya 10, yenye kituo kinachoitwa kwa jina la uwanja huo. Sauti ya tangazo ilipolitaja jina, b ya "béu" ilikuwa nyepesi mno hata mwanzoni nilidhani ni v. Si v, kwa maana meno hayagusi mdomo kamwe. Midomo miwili hukaribiana bila kufungana, hewa ikapita. B yetu ya "baba" ni nzito kuliko hiyo. Jaribu kusema "nabeu" huku umeweka kidole mbele ya midomo, utaihisi pumzi isiyokatika.

Bi_Pumwani
Wanangu, nami nina neno. Mmeisahau g ya "Santiago". Ikiwa kati ya irabu, Wahispania huilegeza ikawa jirani ya gh yetu, ile ya "lugha" na "ghali", ila laini zaidi. Watoto wengi wa Nairobi siku hizi husema "luga", na mimi hunisikitisha sana. Aliyelelewa kuitamka gh vizuri atasema "Santiagho" bila kufundishwa.

Tena mkumbuke kwamba jina hili ni la mtu. Santiago Bernabéu aliichezea Real Madrid akiwa mshambuliaji, akawa rais wa klabu kuanzia 1943 hadi alipofariki 1978. Uwanja ulifunguliwa Desemba 1947 ukiitwa Chamartín Mpya, na ukapewa jina lake Januari 1955, yeye mwenyewe angali hai. Santiago ni Mtakatifu Yakobo, na Bernabéu ni ukoo uliotokana na jina Barnaba. Anayeweza kusema "Barnaba" kanisani Jumapili hawezi kushindwa na "Bernabéu" Jumatano usiku.

Mwalimu_wa_Silabi
Shikamoo Bi. Kuhusu gh umesema kweli, lakini kwa msoma habari ningependa aibakize g ya kawaida na b ya kawaida. Jina la kigeni ndani ya sentensi ya Kiswahili halipaswi kumfanya msomaji abadilishe kinywa ghafla, msikilizaji akaacha habari na kufuata lafudhi. Irabu na mkazo vikiwa sahihi, Mhispania mwenyewe atamwelewa.

Bi_Pumwani
Marahaba. Kwa redioni nakubali. Nyumbani kwangu nitaendelea na gh.

Msoma_Habari
Asanteni sana, nanyi Bi shikamoo. Jana usiku nilisema "Bernabéu" mara nne katika taarifa moja, na mhariri akaniomba nimwandikie silabi hizo kwenye karatasi. Je, uwanja wa Barcelona nao? Mimi husema "Kamp Nuu".

Mwalimu_wa_Silabi
Jina hilo ni la Kikatalani, si Kihispania. "Nou" maana yake ni "mpya", na irabu zake zote mbili husikika, o kisha u. Herufi p ya "Camp" huandikwa tu, haitamkwi. Sema "Kam Nou".