Vipele vinavyowasha sana baada ya kuketi kwenye nyasi ndefu: ni mdudu gani huyu, na muwasho unatulizwaje?

Mpita Nyikani aliuliza:

Ndugu zangu, habari za wakati huu. Jana mchana tulipita katika nyasi zinazofika magotini kandokando ya msitu, kisha tukaketi chini kupumzika kwa muda mrefu. Sikuhisi kuumwa na kitu chochote. Jioni nilipovua viatu ndipo muwasho ulipoanza, na usiku ukazidi mpaka usingizi ukakatika kabisa. Asubuhi ya leo nimekuta vipele vyekundu vilivyojaa pale lastiki ya soksi ilipobana, vingine nyuma ya magoti, na vingi zaidi kuzunguka kiuno chini ya mkanda. Mikononi, shingoni na usoni sina hata kimoja. Baadhi vina kitone chekundu katikati, na kimoja kimeota lengelenge dogo.

Tatizo ni kwamba nimepewa ushauri unaopingana. Mmoja ameniambia huu ni upele na kwamba nyumba nzima inapaswa kutibiwa, na mwingine anashikilia kuwa wadudu wamejichimbia ndani ya ngozi kama funza, hivyo nivipake rangi ya kucha ili wakose hewa na kufa. Nimechunguza kwa kioo cha kukuzia na sioni kitu kinachotembea. Naomba mwenye ujuzi anieleze ni mdudu gani huyu, kama bado yumo mwilini mwangu, kama naweza kuwaambukiza wenzangu, na zaidi ya yote, namna ya kutuliza muwasho huu.

Mchunguzi wa Wadudu alijibu:

Ndugu, kwa maelezo uliyoyatoa, mshukiwa mkuu ni utitiri wa nyasi, wa familia ya Trombiculidae. Anayeuma si mdudu mzima, ni lava, yaani hatua ya kwanza baada ya yai kuanguliwa. Lava huyo ana miguu sita, rangi yake ni nyekundu au ya machungwa, na urefu wake ni takriban robo ya milimita, kiasi kwamba watu wengi hawamwoni kwa macho matupu. Akishakua anakuwa na miguu minane kama buibui na kupe walio jamaa zake, huishi udongoni akila mayai ya wadudu na viumbe wengine wadogo, na hana haja tena na ngozi yako.

Mpangilio wa vipele vyako ndio unaonishawishi kuliko kitu kingine chochote. Lava hawa hukaa wakisubiri kwenye majani yaliyo karibu na ardhi, hudandia kiatu au mguu unaopita, kisha hutambaa kwenda juu wakitafuta ngozi laini mpaka wazuiwe na nguo iliyobana. Ndiyo maana huuma chini ya soksi, nyuma ya magoti, kinenani, kiunoni na wakati mwingine makwapani. Mbu angeuma palipo wazi. Kunguni naye huuma wakati umelala, mara nyingi mikononi, shingoni na usoni, na vipele vyake hufuatana kwa mstari. Kiroboto huacha alama nyingi sehemu ya chini ya miguu lakini hapandi kwa utaratibu huu hadi kwenye mkanda.

Kuhusu upele, huo husababishwa na utitiri wa aina nyingine kabisa, ambaye kweli huchimba njia ndani ya ngozi na kutaga mayai humo. Kwa mtu ambaye hajawahi kuupata, muwasho wake huchukua wiki kadhaa kujitokeza, na hupenda katikati ya vidole na kwenye vifundo vya mikono. Wako umeanza saa chache baada ya kutoka kwenye nyasi, na vidole vyako havina kitu. Funza pia simwoni hapa, kwa kuwa yeye hukaa karibu kila mara nyayoni na pembeni mwa kucha za miguu, na huonekana kama uvimbe mweupe wenye doa jeusi katikati.

Sasa nije kwenye jambo linalowapotosha wengi. Utitiri wa nyasi hachimbi ngozi na wala hanywi damu. Hushika juu ya ngozi, akamwaga mate yenye vimeng'enya vinavyoyeyusha seli, kisha akafyonza uji unaotokana nazo. Ngozi inapojibu mate hayo hujenga mrija mdogo mgumu kuzunguka mahali alipotoboa, na kile kitone chekundu unachokiona katikati ya kipele mara nyingi ni mrija huo, wala si mdudu. Yeye mwenyewe, kama hakusumbuliwa, hula kwa siku tatu au nne, ila kwa binadamu ni nadra kufika huko kwa sababu nguo, kujikuna na kuoga humwondoa mapema. Unachokihisi sasa ni mzio dhidi ya mate aliyoyaacha. Kwa hiyo huna mdudu wa kuua ndani ya ngozi, na huwezi kumwambukiza mtu.

Mfamasia Mstaafu alijibu:

Mwanangu, pole sana. Mwenzangu hapo juu ameeleza vizuri, nami nitajikita kwenye utulizaji.

Kama hujaoga tangu jana, anza na hilo kabla ya dawa yoyote. Tumia maji ya uvuguvugu na sabuni nyingi, sugua kwa kitambaa sehemu zote zilizobanwa na nguo, suuza, kisha rudia. Lava aliyebaki huvunjika au kuondoka kwa urahisi mno, na hakuna kibano wala sindano inayohitajika. Nguo ulizovaa usizivae tena kabla ya kuzifua kwa maji ya moto.

Baada ya hapo, baridi ndiyo rafiki yako wa kwanza. Kitambaa kilicholowekwa kwenye maji baridi, au barafu iliyofungwa ndani ya kitambaa, kikiwekwa kwa dakika kumi hivi hupunguza muwasho haraka kuliko watu wanavyodhani, na unaweza kurudia kila unapohitaji. Halafu paka krimu ya haidrokotisoni ya asilimia 1, kwa safu nyembamba, mara moja au mbili kwa siku na kwa muda usiozidi wiki moja, wala usiipake penye kidonda kilicho wazi. Ukipenda, losheni ya kalamini inafaa pia, hasa mchana. Mimi naona watu hukosea kwa kupaka vitu vitano kwa pamoja, wakaishia na ngozi iliyochubuka ambayo haijulikani imeudhiwa na kipi.

Usiku ndio mgumu zaidi. Kidonge cha dawa ya mzio kama setirizini au loratadini husaidia, na zile za zamani kama klofeniramini huleta usingizi, jambo ambalo kwa mtu aliyekesha akijikuna linaweza kuwa faida, mradi asiendeshe gari wala mashine na asichanganye na pombe. Kama unatumia dawa nyingine, una mimba, au una ugonjwa wa kudumu, muulize mhudumu wa dawa kwanza. Kata kucha ziwe fupi. Nasisitiza hili kwa sababu madhara mengi ninayoyajua yanayotokana na mdudu huyu yaliletwa na vidole vya mwenye ngozi: kipele hukwaruzwa, bakteria huingia, na baada ya siku chache pana usaha na maumivu.

Ujiandae pia kwa muda. Muwasho hufikia kilele ndani ya siku moja hadi mbili, kisha hupungua polepole, na vipele vyenyewe vinaweza kukaa hadi wiki mbili. Hiyo ni kawaida. Lengelenge ulilolitaja liache lilivyo, usilipasue.

Mama Shupavu alijibu:

Mimi nina shaka kidogo na maelezo haya. Nimewaona watu waliopaka rangi ya kucha na muwasho ukatulia kweli. Kama hakuna mdudu ndani, mbona ilifanya kazi? Na wengine hutumia mafuta ya taa, nao husema yanaua papo hapo.

Mchunguzi wa Wadudu alijibu:

Dada, swali lako ni la haki. Rangi ya kucha ikikauka hufunika kipele kisiguswe na hewa wala nguo, na humzuia mtu kukikuna moja kwa moja, hivyo nafuu ndogo inaweza kupatikana bila mdudu yeyote kufa. Krimu iliyotajwa hapo juu hutoa nafuu kubwa zaidi, tena bila kuweka viyeyushi vya rangi kwenye ngozi iliyokwisha kuudhika. Mafuta ya taa ni jambo zito zaidi: huunguza ngozi, mvuke wake una madhara, yanashika moto, na kwa wakati muwasho unapoanza huwa hakuna cha kuua. Nayakataa bila kusita, na ningesema hivyohivyo kuhusu petroli na maji ya klorini.

Mpita Nyikani aliandika tena:

Nawashukuru sana, hasa wewe mzee wangu. Nimeoga, nimetumia barafu na krimu, na angalau sasa naweza kuketi. Limezuka jingine, nalo linanitia hofu: mwanangu wa kiume wa miaka sita, ambaye tulikuwa naye, amekuwa na uvimbe kwenye uume, unawasha, ingawa hana homa na anacheza kama kawaida. Je, inaweza kuwa mdudu huyohuyo? Na ni dalili gani zinazonipasa kumpeleka mtu hospitali?

Mfamasia Mstaafu alijibu:

Inawezekana, mwanangu, na linafahamika kwa madaktari wa watoto. Ngozi ya sehemu hiyo ni laini na hujaa maji haraka inapopata mzio, kwa hiyo kuumwa mara moja tu kunaweza kuleta uvimbe unaotisha kuliko hatari yake. Kwa kawaida hupungua ndani ya siku chache kwa kitambaa baridi na dawa ya mzio ya watoto kwa kipimo kinacholingana na umri wake. Hata hivyo, kwa kuwa ni mtoto na ni sehemu nyeti, ningependa mhudumu wa afya amwone badala ya wewe kutegemea maneno yangu, na usimpake krimu ya haidrokotisoni hapo kabla ya kuelekezwa. Akishindwa kukojoa, akilia kwa maumivu wakati wa kukojoa, au wekundu ukipanda tumboni, mpeleke leo hii bila kungoja.

Kwa mtu yeyote, nenda hospitali ukiona wekundu unaotanuka na wenye joto, usaha, michirizi myekundu inayopanda mguuni, au mitoki yenye maumivu. Uvimbe wa midomo au shida ya kupumua ni dharura ya papo hapo.

Homa naitaja peke yake. Katika sehemu kubwa ya dunia, utitiri huyu huleta muwasho na basi. Lakini katika Asia ya kusini, kusini-mashariki na mashariki, katika baadhi ya visiwa vya Pasifiki na kaskazini mwa Australia, baadhi ya jamii zake hubeba bakteria aitwaye Orientia tsutsugamushi. Aliyeumwa maeneo hayo, kisha ndani ya siku kumi au zaidi kidogo akapata homa, maumivu makali ya kichwa na misuli, na pengine kigaga cheusi kisichouma pale alipoumwa, amweleze daktari wazi kwamba alikuwa kwenye nyasi au vichaka. Ugonjwa huo unatibika vizuri kwa doksisaiklini ukianza kutibiwa mapema, na unaweza kuua ukicheleweshwa.

Mlinzi wa Msitu alijibu:

Niongeze machache kwa wanaotembea nyikani mara kwa mara, kwa kuwa mimi kazi yangu ni humohumo. Utitiri hawa hawajatapakaa kila mahali kwa usawa: unaweza kuketi hapa usipate hata mmoja, na hatua chache mbele ukakuta wamejaa, hasa penye unyevu, kivuli kidogo na nyasi zinazokutana na vichaka. Hupenda joto la wastani, na hutulia kabisa joto la ardhi linaposhuka chini ya nyuzi 16 za Selsiasi.

Chomeka suruali ndani ya soksi, na shati ndani ya suruali. Watu hucheka sura yake, ila ndiyo kinga ninayoiamini kuliko zote. Paka dawa ya kufukuza wadudu yenye DEET au ikaridini kwenye ngozi iliyo wazi na pindo za nguo, ukifuata maelekezo ya kibandiko, hasa kwa watoto. Pemethrini ni ya kunyunyizia nguo na viatu tu, siku moja kabla ili vikauke, na uiweke mbali na paka kwa kuwa ni sumu kwao ikiwa bado mbichi. Tembea katikati ya njia, na unapopumzika keti juu ya mwamba mkavu au turubai. Mkirudi, ogeni mapema iwezekanavyo. Kama mna mbwa, mkague katikati ya vidole na kwenye mikunjo ya masikio. Ukiona vumbi la rangi ya machungwa lililong'ang'ania ngozini, ndio haohao, na daktari wa mifugo atakupa dawa inayomfaa.