Nimeuziwa kemshafti kama mbuzi kwenye gunia, sasa Chevelle langu linaachwa na gari la kubebea watoto

Wakuu, nimelikalia hili wiki tatu, leo nalitapika. Anayetaka kucheka acheke, ila asome mpaka mwisho kwanza.

Niko Houston, Texas. Nina Chevelle Malibu ya 1972, mwaka wa mwisho wa lile umbo zuri kabla Chevrolet hawajaliharibu 1973. Ingini V8 ya inchi za ujazo 350, giaboksi otomatiki ya giya tatu, ile TH350, difu 2.73 (shafti ya kwenda nyuma inazunguka mara 2.73 tairi likizunguka mara moja). Yaani ni gari la baba mwenye familia wa enzi hizo, la kwenda kanisani na sokoni. Kwenye karatasi za kiwanda lina nguvu za farasi 165 tu, maana kuanzia 1971 GM walishusha kompresheni (kiasi pistoni inavyoubana mchanganyiko wa hewa na petroli) ili ingini zao ziweze kunywa petroli yenye risasi kidogo au isiyo na risasi kabisa. Yangu ni 8.5 kwa 1. Ishikeni hiyo namba, ndiyo iliyonizika.

Nilichokuwa natafuta ni sauti. Mnaijua sauti ya V8 ya Kimarekani ikiwa imesimama kwenye taa: dugu… dugudugu… dugu, kama inataka kuzima halafu inaghairi. Sauti ile, na kanguvu kidogo ka kuingilia barabara kuu. Nikaenda duka moja la vipuri vya kuongezea nguvu (jina silitaji, mods wasinifungie uzi). Kijana wa kaunta akaniuliza mambo mawili: ingini gani, na unataka isikikeje. Basi! Hakuuliza difu. Hakuuliza kompresheni. Hakuuliza konveta (ile inayounganisha ingini na giaboksi otomatiki) wala kama breki zina busta (ile inayousaidia mguu kukanyaga). Akanigeuzia skrini, akaniwekea video ya gari linatetemeka mpaka vioo, mimi nikatoa kadi, nikanunua kemshafti yake. Hapo kosa langu nalibeba, ile sauti ilinipanda kichwani kama gongo.

Kwa wasiojua: kemshafti ina nundu, nundu inasukuma tapeti, tapeti inasukuma kijiti kirefu, kijiti kinasukuma rokaamu, valvu inafunguka. Unaponunua unaangalia valvu inanyanyuka kiasi gani, inakaa wazi digrii ngapi za mzunguko wa kranki, na pembe kati ya nundu ya kuingiza na ya kutoa. Ile ya kiwandani iliyofungwa kwenye 350 nyingi za kawaida ni digrii 195 kuingiza na 202 kutoa, ikipimwa tapeti ikiwa imenyanyuka inchi 0.050, pembe 112. Niliyouziwa mimi ni 235 na 243, pembe 107.

Juzi nikakaa na kalamu. Chukua wastani wa hizo digrii, toa pembe mara mbili, unapata muda ambao milango yote miwili, yaani valvu ya kuingiza na ya kutoa, iko wazi kwa pamoja. Ya kiwandani inakuja hasi 25 na ushee, yaani kwa kipimo hicho mlango mmoja unakuwa umeshafungwa kabla mwenzake hajafunguliwa. Yangu inakuja chanya 25. Kwenye sailensi, yaani ingini ikizunguka polepole bila kukanyaga mafuta, moshi unarudi menifoldi, unachanganyika na hewa mpya, silinda hii inawaka, ile inasusa. Ule muungurumo tunaoupenda, wakuu, ni misi. Nimetoa pesa nzuri nikanunua misi.

Halafu valvu ya kuingiza inachelewa kufunga. Pistoni inakuwa imeshaanza kupanda na mlango uko wazi, mchanganyiko unarudi ulikotoka. Ukiwa na kompresheni ya 10 au 11 unaweza kumudu hasara hiyo. Ukiwa na 8.5 unajisikia mwenyewe. Nilipima silinda kabla ya kufunga, zilikuwa 150 psi. Baada ya kufunga, 125. Geji haina undugu na mtu.

Sasa sikilizeni ya barabarani. Kile kikaratasi cha kwenye boksi kinasema kemu hii inafanya kazi kuanzia RPM (mizunguko kwa dakika) 2,500 hadi 6,000. Kwa difu yangu ya 2.73 na matairi yangu, maili 60 kwa saa ni kama RPM 2,000. Mnaelewa? Naenda kazini na kurudi, kemu yangu imelala. Kwenye giya ya kwanza inaamka nikishafika karibu maili 30 kwa saa, wakati huo walioondoka na mimi kwenye taa wameshanisahau. Alhamisi iliyopita mama mmoja mwenye Toyota Sienna, nyuma kuna viti viwili vya watoto na mmoja anakula biskuti, aliniacha kwenye taa bila kujua kwamba tunashindana. Gari langu lilipiga kelele yote ya dunia, halikusogea. Yule mtoto akanipungia mkono.

Ninyi wa Crown na Mark X nisameheni, shida hii hamuijui. VVT-i inawasogezea kemu huku na huku kadiri ingini inavyozunguka, mnakula chini na juu. Sisi huku kemu ni moja, ukishaikaza umeoa.

Kilichonitisha zaidi ya yote ni breki. Busta inategemea vakyumu ya ingini, yaani ule mvuto wa hewa. Zamani geji ilikuwa inasimama kwenye 18. Sasa ni 9, na sindano inacheza kama ina malaria. Natoka barabara kuu ya I-45, nakanyaga mara ya kwanza inashika, nakanyaga ya pili pedali ngumu kama gogo. Nilisimamia mguu wa kulia kwa uzito wote nilionao, na mwili ninao, nikasimama hatua mbili nyuma ya lori. Nilikaa pale taa ikawa kijani, ikawa nyekundu tena.

Nikarudi dukani. Hapa ndipo hasira yangu ilipo, kwa hiyo msiparuke. Kijana yule yule, bila aibu, ananiambia kemu haina tatizo, "gari lako ndilo halijaendana nayo". Inabidi ninunue konveta inayoachia ingini ipande mpaka RPM 2,800 kabla ya kushika. Na difu nibadilishe iwe 3.73. Na breki nitafutiwe tangi la akiba la vakyumu. Na kompresheni, "ukipata nafasi", pistoni nyingine. Bwana mdogo, haya yote ulikuwa unayajua siku ile unanionyesha video? Kama uliyajua kwa nini hukusema, na kama hukuyajua unafanya nini nyuma ya kaunta? Unauziwa kiatu namba 46, ukilalamika unaambiwa ukakuze mguu.

Nyongeza, nimeandika jana usiku baada ya kufungua ingini.

Ilianza kugonga tik-tik-tik upande wa kushoto. Nikamwita jirani yangu, mzee wa Kimexico aliyefanya kazi hizi maisha yake yote. Akakata filta ya oili kwa mkasi wa bati, akaikunjua karatasi yake juani. Ilikuwa inameta. Hakusema kitu, akanionyesha tu kidole chake kilivyong'aa. Tulipochomoa kemu, nundu moja ya kutoa imeliwa mpaka imekuwa duara, na tapeti yake kitako kimebonyea kama kisahani cha kahawa.

Sababu? Hizi ni tapeti za kitako bapa, zinasuguana na nundu moja kwa moja. Zikiwa mpya, ingini ikishawaka tu unaipandisha RPM 2,000 hadi 2,500, unakaa hapo dakika 20 mpaka 30 bila kushusha, ili oili irushwe kwenye nundu na tapeti zianze kuzunguka zenyewe. Gereji waliyonielekeza wale wa duka wenyewe iliwasha, ikaacha sailensi robo saa huku fundi anatafuta kabureta inavuja wapi. Na oili waliyonimwagia ni ya magari ya kisasa, ambayo tangu daraja la ubora wa oili la SM la 2004 fosforasi imebanwa isizidi asilimia 0.08 kwenye oili nyepesi ili isiharibu katalisti ya ekzosti. Zinki na fosforasi ndizo zinazolinda nundu. Magari mengi mapya yana rola pale kwenye nundu, hayajali. Langu linajali sana.

Mzee akanywa chai yangu ya tangawizi, akauliza: difu ngapi? Kompresheni? Konveta ya kiwandani? Unapita barabara gani kila siku? Unataka breki? Alicheka kwenye hilo la mwisho. Akaandika kwenye boksi la filta: 204/214, pembe 112. Akasema haitanguruma, ila itavuta kuanzia chini, na springi za valvu nilizonazo zinaitosha.

Duka wanasema kipuri kikishafungwa hakirudishwi, na gereji wanasema oili ni jukumu la mwenye gari. Kwa hiyo naomba kwa mwenye uzoefu wa huku Marekani: umewahi kupinga malipo ya kadi benki kwa kipuri ambacho kilishafungwa na kimeharibika? Nina risiti, picha za nundu, na ile karatasi ya filta nimeihifadhi kwenye mfuko wa nailoni. Njoo PM.

Na wewe unayechapa "ungenunua Crown", nimeshakuona.