Mliochora katuni za wanyama na kuzituma mtandaoni enzi za modemu, tupeane uzoefu

Wakuu, heshima kwenu. Leo asubuhi kijana wangu amechora paka kwenye simu, akamrusha hewani kabla sijamaliza chai. Nimecheka peke yangu. Wazee wenzangu wa modemu mpo? Naanza mimi.

Mwaka 1994 nilikuwa mwanafunzi Columbus, Ohio. CompuServe, kampuni ya huduma za mtandao enzi hizo, makao yao yalikuwa pembezoni mwa mji huohuo. Jamaa niliyepanga naye alikuwa na akaunti, modemu (kile kifaa cha kuunganisha kompyuta na laini ya simu) ya biti 2400 kwa sekunde, na huruma. Nilichora kwa wino, nikaingiza kwa skana ya mkononi, ile unaiburuta juu ya karatasi kama pasi. Mkono ukitetemeka, fisi anatoka na shingo mbili. Picha ya kilobaiti 50 ilipanda kwa dakika tatu na nusu, na tulilipia kwa saa, kwa hiyo kila doa la fisi lilikuwa na bei.

Ndipo nikaijua tabia ya GIF, aina ya faili la picha ambayo hao hao CompuServe waliitoa 1987. Sehemu yenye rangi moja iliyotulia inabanwa ikawa ndogo kabisa. Ukiweka vivuli vya penseli, faili linavimba. Fisi wangu alianza na madoa yasiyohesabika, akaishia na tisa. Watu wakadhani ndio mtindo wangu. Nikawaacha waamini!

Niliyoipenda kuliko zote: fisi njia panda, huku nyama inanukia, kule nyama inanukia, mguu huku, mguu kule, msamba. Visanduku vitatu, basi. Wamarekani wakauliza amepatwa na nini, na mbona hacheki, maana kwao fisi kazi yake kucheka. Nikaongeza kisanduku cha nne cha kueleza. Nikaiua kabisa. Najuta mpaka leo.

—

Mkuu, madoa tisa! Mimi wangu alikuwa pundamilia, fikiria mwenyewe.

—

Naweka kiti hapa. Endeleeni.

—

Mimi Nairobi, 1998, ofisini kwa mjomba, usiku, maana mchana simu ilikuwa ya wateja. Nilikuwa na kurasa zangu za sungura na kobe. Kuna kitu vijana hawatakijua: picha ilishuka mstari kwa mstari, kutoka juu. Basi nikapanga visanduku wima badala ya kulalia. Msomaji anamwona sungura anachimba shimo, anasubiri. Anamwona kobe anakuja, anasubiri tena, modemu inakoroma. Cha mwisho kikifika ameshajikunja kwa hamu. Kicheko nilitengenezewa na laini ya simu.

Halafu rafiki akanishauri nihifadhi GIF kwa ule mtindo wa kuleta picha nzima ikiwa na ukungu kwanza, kisha inakazika taratibu. Nikajaribu. Sungura akaonekana ameshashinda kabla hadithi haijaanza. Nikarudi kwenye mistari yangu.

—

Nyie mlikuwa matajiri. Mimi Kariakoo, 2000, kafe ya buku kwa saa. Nilichora kwenye kompyuta ya kazini kwa kutumia Paint, kwa mausi, nikahifadhi kama ilivyotoka. BMP, faili la picha lisilobanwa, ya nukta 640 kwa 480, karibu kilobaiti 900. Flopi moja (ile diski bapa ya kubebea mafaili), kima mmoja. Nilikuwa natembea na flopi sita mfukoni kama mhasibu. Rafiki yangu wa Muscat sanduku lake la barua pepe lilikuwa la megabaiti 2. Nikamtumia kima watatu kwa mkupuo, wawili wakarudishwa, na barua za mama yake nazo zikaanza kugonga mwamba. Alinipigia simu kunitukana, na simu ya Muscat enzi hizo haikuwa ya mzaha.

Kijana wa kafe ndiye aliyenionea huruma, akaniambia, "Bro, hifadhi kama GIF." Neno moja tu. Nilishateketeza buku ngapi!

—

Mwanzisha uzi, yule fisi wa visanduku vitatu bado unaye? Tuwekee bila kile cha nne.

—

Ninaye, mkuu, yupo kwenye flopi ya bluu, ndani ya bati la biskuti pamoja na sindano za marehemu mama. Shida ni kifaa cha kuisomea. Aliyepo Dar mwenye kompyuta ya zamani yenye tundu la flopi, naomba tuwasiliane. Nauli na soda juu yangu.