Muziki wa gemu yenyewe, nyimbo zako, au kimya?

Kidole_Chepesi: Wakuu, wiki hii nimejaribu njia zote tatu kwenye gemu ya mbio za magari. Nikiweka nyimbo zangu za mdundo wa haraka, nakanyaga mafuta hadi kwenye kona, naishia ukutani. Nikiacha muziki wa gemu, naendesha vizuri ila naboreka upesi. Nikizima vyote, nasikia vifungo tu, tak tak tak, na usingizi unaanza kuninyemelea. Nyie mnatumia nini?

BundiWaSaaNane: Inategemea gemu, mkuu. Kwenye za kupigana risasi mtandaoni nazima muziki kabisa. Counter-Strike inachezwa kwa masikio: unasikia hatua za mtu juu ya bati, unajua anatokea wapi kabla hujamwona. Ukiweka nyimbo umejiziba masikio mwenyewe.

MzeeWaVifungo: Mimi natetea muziki wa gemu yenyewe, kwa sababu mara nyingi unakupa habari. Space Invaders ya 1978, ile ya kuwapiga wavamizi kutoka angani, ina noti nne tu za besi zinazojirudia, na kadiri wavamizi wanavyopungua na kwenda mbio ndivyo zinavyoongeza kasi. Hakuna aliyekuambia uogope, lakini viganja vinatoa jasho. Super Mario Bros. ya 1985 nayo, muda ukibaki 100, unasikia mlio mfupi wa tahadhari, kisha wimbo unaanza kukimbia. Mpwa wangu alizima sauti akawa anashangaa mbona anakufa ghafla. Nilicheka sana.

Spika_Moja: Sawa Mzee, ila si gemu zote zimetengenezwa hivyo. Unalima na kuchimba madini saa tatu nzima, wimbo uleule wa dakika mbili unazunguka, utauvumilia? Minecraft angalau waliliona hilo: muziki unaingia, unanyamaza kwa muda mrefu, unarudi ukiwa umeshausahau. Kwingine naweka zangu, lakini zisizo na maneno. Zenye maneno zinanivuruga kwenye mazungumzo ya wahusika. Nasoma mstari mmoja mara tatu, kumbe naimba kiitikio.

Kidole_Chepesi: Duh, zangu zote zina maneno.

BundiWaSaaNane: Kwenye mbio hakuna cha kusoma, tatizo lako ni mdundo. Gemu imeshakuchangamsha, wewe unaongeza kuni. Vidole vinayatangulia macho.

MzeeWaVifungo: Kabla hujabadilisha nyimbo, fungua mipangilio ya sauti. Gemu nyingi zinatenganisha muziki na sauti nyingine. Shusha muziki, acha injini na matairi juu. Matairi yakianza kulia, yanakuambia umeingia kona kwa kasi mno. Hicho ndicho nyimbo zako zilikuwa zinakificha.

Spika_Moja: Hapo Mzee umenishinda.

Kidole_Chepesi: Nimerudi. Muziki 25, matairi 100. Mizunguko mitano, ukutani mara moja tu, na hiyo moja nilikuwa nasoma majibu yenu.