Iceland ya wanawake haikushindwa kufuzu Kombe la Dunia la 2023 kwa udogo wake, ilionewa na kanuni za UEFA

Wanajukwaa, salaam.

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na hasira yenyewe si ya jana wala juzi. Kila Kombe la Dunia la Wanawake la 2023 linapotajwa, hakosi kutokea mtu wa kuandika kwamba Iceland haikwenda Australia na New Zealand kwa sababu ni kijinchi kisichoweza kusimama na wakubwa, na wengine wanamuunga mkono kana kwamba dai hilo halihitaji ushahidi. Naomba tuweke kumbukumbu sawa. Timu ile haikukosa uwezo, ilikosa haki, na aliyeinyima haki hiyo ni UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, kwa kanuni iliyoandikwa na kupitishwa na watu wazima waliokaa mezani wakaisoma.

Tuanze na kundi. Walipangwa na Uholanzi, Czech, Belarus na Cyprus. Uholanzi ilikuwa bingwa wa Ulaya wa 2017 na mshindi wa pili wa dunia wa 2019. Katika mechi nane Iceland ilishinda sita, na mbili ilizopoteza zote zilikuwa dhidi ya hao Waholanzi. Czech ilifungwa 4-0 Reykjavik, kisha ikafungwa tena kwao. Ilipofika Septemba 6, 2022, siku ya mechi ya mwisho mjini Utrecht, Iceland ilikuwa inaongoza kundi na ilihitaji sare tu ili ifuzu moja kwa moja. Kipa Sandra Sigurðardóttir aliokoa mipira ambayo mpaka leo sielewi aliifikiaje, saa ikapita dakika ya 90, na katika dakika ya 93 Esmee Brugts akafunga. Ikawa 1-0, basi, Iceland ikashuka hadi nafasi ya pili. Kwa mechi hiyo sina lalamiko hata moja, maana Waholanzi walishambulia tangu mwanzo hadi mwisho na bao lao lilikuwa halali. Aliyetazama anajua jinsi ilivyouma, lakini maumivu ya uwanjani tunayakubali.

Lalamiko langu linaanzia siku tatu baadaye, kwenye kura (droo) ya mechi za mchujo.

Washindi wa pili wa makundi walikuwa tisa. Watatu waliofanya vizuri kuliko wenzao, yaani Iceland, Uswisi na Jamhuri ya Ireland, walivushwa moja kwa moja hadi raundi ya pili ya mchujo, na sita waliobaki wakaanzia raundi ya kwanza. Hapo UEFA yenyewe ilikiri kwamba hawa watatu walikuwa wamestahili zaidi. Halafu ikaamua kwamba raundi ya pili itakuwa mechi moja tu, bila marudiano, na kwamba mwenyeji wa mechi hiyo atapatikana kwa kura. Naomba msome tena sentensi hiyo. Timu imehangaika mwaka mzima kupata nafasi ya juu kuliko mpinzani wake, na katika mechi moja inayoamua miaka minne ya maisha ya wachezaji, nafasi hiyo haina uzito wowote katika kuamua nani acheze nyumbani na nani asafiri.

Matokeo ya kura yanajulikana. Kati ya timu zile tatu bora, ni Uswisi peke yake iliyopata kucheza nyumbani. Ireland ilipelekwa Glasgow kwa Waskoti, na Iceland ikapelekwa Ureno. Ureno ilikuwa imetoka kuifunga Ubelgiji 2-1 kwenye raundi ya kwanza, tena nyumbani, kwa hiyo ilicheza mechi zake mbili za mchujo ndani ya siku sita bila kuvuka mpaka wa nchi yake, ilhali timu iliyoipita kwa ubora katika makundi ndiyo iliyopanda ndege. Wapo wanaonijibu kwamba Ireland ilishinda 1-0 kule Hampden Park, kwa hiyo ugenini si kisingizio. Nawaheshimu sana wale dada wa Ireland, lakini ushindi wao hauifanyi kanuni mbovu kuwa nzuri. Mtu akivuka mto wenye mamba akafika salama, hatusemi kwamba daraja halikuhitajika.

Oktoba 11, 2022, Paços de Ferreira. Mapema katika kipindi cha pili Sveindís Jane Jónsdóttir alitia mpira wavuni, bao likakataliwa. Muda mfupi baadaye mchezaji mmoja wa Iceland akaonyeshwa kadi nyekundu na Ureno ikapewa penalti, Carole Costa akafunga. Timu iliyofutiwa bao, ikapungukiwa mtu na ikafungwa, yote ndani ya dakika chache na mbele ya mashabiki wa mwenyeji, tungeisamehe kama ingekata tamaa. Wao dakika nne baadaye walisawazisha kupitia kwa beki Glódís Perla Viggósdóttir! Wakiwa kumi walifika hadi mwisho wa dakika 90 ubao ukisoma 1-1. Katika nusu saa ya nyongeza miguu iliisha, na mechi ikamalizika 4-1. Watu wanaichukua hiyo 4-1 na kuitumia kama kipimo cha ubora wa timu hizi mbili, na hicho ndicho kinachonikera kuliko yote, kwa sababu tarakimu hizo hazisemi lolote kuhusu dakika 90 zilizotangulia. Na sina ugomvi na wachezaji wa Ureno. Walitumia walichopewa, na baadaye ilibidi waende hadi Hamilton, New Zealand, kuitoa Cameroon 2-1 kwenye mchujo wa mabara ndipo wafuzu.

Sasa kuna wanaosema kura ni kura na haina upendeleo. Ndugu zangu, miezi saba tu kabla ya hapo, Machi 2022, UEFA hiyo hiyo iliendesha mchujo wa Kombe la Dunia la wanaume. Kulikuwa na timu 12, na sita zilizokuwa na rekodi bora kwenye makundi zilipewa haki ya kucheza nusu fainali nyumbani. Haikupigwa kura kuamua mwenyeji wa nusu fainali hizo, kwa sababu kila mtu alielewa kwamba aliyefanya vizuri kundini anastahili kupata kitu. Kwa hiyo kanuni ya haki ilikuwepo, imeandikwa, na ilikuwa inatumika ofisini mwao. Wanawake hawakupewa. Tena mchujo wa kwenda Euro 2025 ya wanawake ulichezwa kwa mechi mbili, nyumbani na ugenini, jambo linaloonyesha kwamba hata kisingizio cha ratiba kubana hakina mashiko: walipotaka, siku zilipatikana.

Na mtu asidhani hilo lilikuwa tukio moja la bahati mbaya. Miezi mitatu kabla ya mchujo ule, kwenye Euro 2022 kule Uingereza, Iceland ilipangiwa mechi mbili kati ya tatu za kundi kwenye uwanja wa akademi ya Manchester City. Kanuni za mashindano yale hazikuruhusu mashabiki kusimama, kwa hiyo uwanja ule ulibakiwa na nafasi 4,700. Uko ng'ambo tu ya daraja la waenda kwa miguu kutoka Etihad, ambao unachukua zaidi ya watu 50,000, na si mbali na Old Trafford, ambako mechi ya ufunguzi ilitazamwa na watu 68,871. Nahodha Sara Björk Gunnarsdóttir, mwanamke aliyefunga bao katika fainali ya Ligi ya Mabingwa ya 2020 akiwa na Lyon, alisema hadharani Aprili 2022 kwamba jambo hilo ni aibu na ni kuwakosea heshima wachezaji. Alikuwa sahihi kabisa. Najua viwanja vilipatikana kutokana na miji iliyojitokeza kuomba, lakini aliyeukubali uwanja wa watu 4,700 kwa fainali za Ulaya ni mwandaaji, na si mji.

Kwenye fainali zile walitoka sare ya 1-1 na Ubelgiji, 1-1 na Italia, na 1-1 na Ufaransa, ambapo Dagný Brynjarsdóttir alisawazisha kwa penalti katika dakika ya 102. Walirudi nyumbani bila kufungwa na timu yoyote. Hapo sidai kwamba walionewa, pointi tatu hazikutosha na Ubelgiji ilipata nne. Nataja ili wale wa "kijinchi" wajue wanamzungumzia nani.

Iceland ina watu wasiofikia 400,000, yaani hata robo ya watu wa Zanzibar hawafiki. Wanawake wake walicheza fainali za Ulaya mwaka 2009, miaka saba kabla ya wanaume wao, na tangu hapo hawajakosa hata moja: 2013 walifika robo fainali, kisha 2017, 2022 na 2025. Ile tiketi ya 2025 waliikata Julai 2024 kwa kuifunga Ujerumani 3-0 mjini Reykjavik. Ujerumani, mabingwa wa dunia mara mbili! Nchi kubwa ngapi za Ulaya zinaweza kusema hivyo?

Shirikisho la soka la Iceland nalo lina lake la kujibu. Kwa miaka mingi uwanja wa taifa, Laugardalsvöllur, ulikuwa haufai kuchezewa wakati wa baridi, na Februari 2024 mechi ya mchujo dhidi ya Serbia ililazimika kuchezwa kwenye uwanja wa klabu kule Kópavogur. Walishinda 2-1, lakini timu ya taifa kuhangaishwa hivyo haipendezi.

Ninachodai ni kwamba UEFA iweke kwenye kanuni za mashindano ya wanawake, kwa maandishi, kuwa aliyefanya vizuri zaidi kundini hatapokwa uwanja wake kwa kura panapokuwa na mechi moja ya kuamua. Na yeyote atakayekuja hapa kuitetea kura ile asinieleze habari za bahati. Anieleze kwa nini Machi 2022 wanaume waliowapita wenzao walipewa nyumbani, na Oktoba mwaka huo huo wanawake waliofanya hivyo hivyo wakaambiwa wasubiri kura.